Nyayo bapa na maumivu ya goti: Mazoezi ya dakika 15 yanayoweza kukusaidia

Lubumbashi. Kwa wakazi wengi wa jiji hili, mguu ndio chombo cha kwanza cha kazi. Muuza mboga wa soko la komini ya Kenya husimama tangu asubuhi hadi jua linapozama. Anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala kuingia mjini hutembea kilomita nyingi kabla hajapata mnunuzi. Mlinzi, mwalimu na fundi wa ujenzi nao hutegemea magoti kupata bukari ya jioni.

Goti linapoanza kuuma, wengi hukimbilia vidonge vya kutuliza maumivu katika duka la dawa la mtaani, kisha kazi inaendelea. Hatari ni kwamba dawa kama ibuprofeni na diklofenaki, zikimezwa kwa muda mrefu bila ushauri wa daktari, huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu.

Kwa baadhi ya watu, sehemu ya tatizo iko chini zaidi ya goti. Iko kwenye unyayo.

Uvungu unaposhuka

Unyayo wa mtu una mifupa 26, na kwa upande wa ndani huwa na uvungu unaobeba uzito na kusukuma mwili mbele. Watoto wote huzaliwa na nyayo bapa. Uvungu hujengeka taratibu, na kwa wengi huwa umekamilika wanapokaribia miaka 10. Wengine hubaki na nyayo bapa maisha yao yote bila maumivu yoyote.

Kujipima ni rahisi. Lowesha unyayo kwa maji, kanyaga sakafu kavu ya saruji, kisha tazama alama. Ikiwa unyayo wote umejichora bila kuacha nafasi upande wa ndani, uvungu wako ni mdogo au haupo. Baada ya hapo simama kwa ncha za vidole. Uvungu ukijitokeza, unyayo wako ni laini na unaweza kunufaika na mazoezi. Usipojitokeza kabisa, ni vyema umwone daktari kwanza.

Unyayo unapolala sana kwa ndani, mfupa wa muundi huzunguka kuufuata, na goti huvutwa kuelekea goti la pili. Mtu akipanda ngazi, akichuchumaa au akibeba mzigo, kifuniko cha goti hubanwa vibaya.

Tafiti zinasema nini

Utafiti wa Framingham nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2011, uliwapima watu 1,903 wa makamo na wazee. Wenye nyayo bapa zaidi walikuwa na uwezekano mara 1.3 wa kuumwa magoti, na mara 1.4 wa gegedu la upande wa ndani wa goti kuharibika, wakilinganishwa na wengine. Hata hivyo, watu hao walipimwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo utafiti huo hauthibitishi kwamba unyayo ndio uliosababisha maumivu.

Zipo pia habari za kutuliza moyo. Utafiti wa mwaka 1993 uliofuatilia askari wapya 246 wa Jeshi la Marekani huko Fort Benning ulikuta kwamba wenye nyayo bapa zaidi hawakuumia kuliko wenzao wakati wa mafunzo. Badala yake, waliumia kidogo zaidi. Maana yake ni kwamba nyayo bapa peke yake si ugonjwa. Kinachohitaji kutibiwa ni maumivu na udhaifu wa misuli.

Je, mazoezi husaidia? Nchini Brazili, watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo waliwafuatilia wakimbiaji 118 kwa mwaka mmoja. Wale ambao hawakufanya mazoezi ya kuimarisha nyayo walikuwa na uwezekano mara 2.42 wa kuumia kuliko waliofanya. Nchini Denmark, watu wazima 40 wenye maumivu ya mbele ya goti waligawanywa makundi mawili. Wote walifanya mazoezi ya goti, lakini kundi moja liliongezewa mazoezi ya nyayo na soli maalumu za ndani ya viatu. Baada ya miezi minne, kundi hilo lilikuwa na nafuu kubwa zaidi. Baada ya mwaka mmoja, tofauti hiyo haikuonekana tena.

Funzo ni hili: mazoezi ya nyayo huharakisha nafuu, lakini hayachukui nafasi ya mazoezi ya paja na nyonga. Wala hayamjengei mtu mzima uvungu mpya. Yanachofanya ni kuipa misuli nguvu ya kuubeba uvungu alionao.

Namna ya kufanya

Mazoezi haya hufanywa peku, nyumbani, siku tatu au nne kwa wiki.

1. Kufupisha unyayo. Kaa kwenye kiti, weka unyayo sakafuni. Vuta sehemu ya mbele ya unyayo kuelekea kisigino bila kukunja vidole, hadi uone uvungu ukiinuka. Shikilia sekunde tano, kisha legeza. Rudia mara 10 kila mguu. Ukizoea, fanya ukiwa umesimama.

2. Kutenganisha vidole. Inua kidole gumba peke yake huku vingine vikibaki chini. Kisha kandamiza gumba na uinue vingine vinne. Mara 10. Mwanzoni vidole hugoma kutii, lakini ndani ya wiki chache huzoea.

3. Kuvuta kitenge. Tandika kipande cha kitenge sakafuni, kikunje kwa vidole vya mguu ukikivuta kwako hadi kiishe. Mara tatu.

4. Kuinua visigino. Shika ukuta, panda taratibu kwa ncha za vidole, kisha shuka polepole. Mara 10, seti tatu. Usiache vifundo vilalie upande wa nje.

5. Kusimama kwa mguu mmoja. Sekunde 30 kila mguu, ukiwa karibu na ukuta.

6. Kukaa na kuinuka kwenye kiti. Mara 10, seti mbili, bila kuacha magoti yakaribiane. Hili huimarisha paja.

7. Kuinua mguu kwa ubavu. Lala kwa ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka. Mara 10 kila upande. Hili ni la nyonga.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi yanavumilika ikiwa yanatulia kufikia kesho yake. Yakizidi, punguza idadi. Usitarajie mabadiliko ndani ya siku tatu. Misuli huhitaji wiki nane hadi 12.

Viatu navyo vina sehemu yake. Kandambili nyembamba za kutwa nzima hazishiki kisigino. Kwa anayesimama sana, kiatu chenye kisigino imara na soli isiyojikunja katikati humpunguzia mzigo. Mwenye uzito mkubwa naye akipunguza kilo chache, goti hupata ahueni.

Usisubiri nyumbani

Mwone daktari mapema ikiwa unyayo mmoja umeshuka ukubwani, ikiwa kuna uvimbe upande wa ndani wa kifundo, au huwezi kuinua kisigino ukisimama kwa mguu huo. Huenda kano inayoshikilia uvungu imeharibika, hali inayowapata zaidi wanawake waliovuka miaka 40. Goti lililovimba na kuwa la moto, lililokwama, au lisiloweza kubeba uzito baada ya kuanguka, nalo lisisubiri.

Mwenye kisukari asianze mazoezi ya peku kabla ya nyayo zake kukaguliwa, kwa sababu anaweza kupata jeraha asilisikie.

Mjini Lubumbashi, hospitali ya Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu ni miongoni mwa mahali pa kuanzia. Daktari anaweza kumwelekeza mgonjwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, anayejulikana kwa wengi kama kine. Hata kikao kimoja cha kuelekezwa namna sahihi kina faida, kwa kuwa kazi iliyobaki hufanyika sebuleni, bila kulipia hata faranga moja.