Neema: Neno Moja, Maana Nyingi

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kilikopa kutoka Kiarabu na kuyapa makao ya kudumu, neema ni mojawapo ya yale yanayodhaniwa kuwa mepesi. Mkulima hulitamka anapotazama shamba lililostawi, mhubiri hulitamka mimbarini, na mzazi humpa bintiye liwe jina. Hata hivyo, wote hawa hawakusudii jambo moja. Makala haya yanafafanua maana za neno hili, yanalilinganisha na maneno yanayokaribiana nalo, na kuonyesha jinsi linavyoweza kumpotosha mfasiri.

Asili na Umbo

Neema limetokana na neno la Kiarabu ni'ma, lenye maana ya kipawa au riziki njema. Sauti ya kooni iitwayo ain, ambayo haimo katika mfumo wa sauti za Kiswahili, ilidondoshwa, na neno likabaki na irabu mbili zinazofuatana. Kisarufi, ni nomino ya ngeli ya I-ZI: neema imeingia, neema zimeingia. Likiwa jina la mtu, hufuata upatanisho wa A-WA: Neema amewasili. Vitenzi vinavyohusiana nalo ni neemeka, yaani kupata ustawi, na neemesha, yaani kumfanya mtu au kitu kistawi.

Riziki na Wokovu

Katika mazungumzo ya kila siku, neema ni hali ya kuwa na mahitaji tele. Mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno. Kinyume chake ni mwaka wa dhiki. Katika mazungumzo ya Waislamu, chakula chenyewe ni neema ya Mwenyezi Mungu, na anayekitupa huambiwa anakufuru neema. Kufuru hapa si kuikana dini, bali ni kukosa shukrani.

Wakristo waliongeza maana nyingine. Katika Biblia ya Union Version iliyochapishwa mwaka wa 1952, hasa katika nyaraka za Mtume Paulo, neema ni kipawa cha Mungu ambacho mwanadamu hupewa bila kukistahili kwa matendo yake. Neno lililokwisha kubeba riziki likatwikwa pia wokovu.

Maana hizi mbili ni ndugu, lakini si moja. Kwa maana ya pili, hohehahe asiye na akiba ya unga anaweza kuwa na neema, na tajiri akaikosa. Mhubiri asemapo kwamba neema imewashukia waumini, mmoja husikia habari ya ondoleo la dhambi, na mwingine akaenda kuchungulia ghala lake. Asiyebainisha anachokusudia huwaacha wasikilizaji wake wakiamini mambo mawili tofauti.

Zaidi ya hayo, neno hili huweza kubeba kejeli. Afisa mwenye mshahara mdogo akijenga majumba ya fahari, majirani husema kwamba ameneemeka. Kamusi hutaja ustawi. Muktadha huongeza tuhuma.

Neema na Majirani Zake

Fadhila, rehema na baraka mara nyingi huorodheshwa kuwa visawe vya neema. Njia rahisi ya kuzipambanua ni kuyabadilisha maneno hayo katika matumizi yaliyozoeleka. Methali husema kwamba fadhila za punda ni mateke. Tukiweka neema mahali pa fadhila, methali huvunjika, kwa kuwa fadhila ni wema unaotarajiwa kurejeshwa. Mtu hulipa fadhila, halipi neema. Rehema nayo humhitaji mkosaji au mwenye kuteseka. Ndiyo sababu aliyefariki huitwa marehemu, yaani mwenye kuombewa rehema. Baraka huweza kutolewa na binadamu: mzazi humpa mwanawe baraka, na mzee akiridhia jambo husemwa kwamba ametoa baraka zake. Neema, kwa kawaida, binadamu huipokea tu.

Funzo kwa Mfasiri

Neno la Kiingereza ambalo kwa kawaida hutafsiriwa kuwa neema lina matawi yake. Likihusu mwendo wa mchezaji ngoma, Kiswahili kina madaha. Likihusu dua ya mezani, kuna sala ya chakula. Likihusu deni lililofika siku yake, kinachofaa ni muda wa nyongeza. Mfasiri akiandika "kipindi cha neema" katika mkataba wa mkopo, msomaji anaweza kudhani ameahidiwa ustawi, kumbe amecheleweshewa madai tu. Kosa la namna hiyo huweza kumgharimu mtu shamba lake.

Hitimisho

Kwa jumla, neema ni neno la mpokeaji, ama amepokea mvua, chakula au msamaha. Kiini hicho ndicho kinachoziunganisha maana zake, na ndicho kinacholitenga na fadhila, rehema na baraka. Mwanafunzi wa Kiswahili anapokutana nalo, na aulize kwanza nani amepokea, amepokea nini, na kutoka kwa nani. Ndipo aifungue kamusi.