Seva moja ikizima, pesa zako ziko wapi?

Ni tarehe 5, saa moja jioni. Kayole, Umoja, Donholm, kila mtu analipa: kodi ya nyumba, tokeni za stima, mama mboga. Kila malipo lazima yaandikwe kwenye diski.

Kwenye seva zisizozimika ovyo, kama za Tandem zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1976, kila diski ina prosesa mbili: moja inafanya kazi, nyingine inasubiri ikijua kila kitu. Ya kwanza ikizima, ya pili inashika usukani.

Shida ni mgawo. Diski zote zenye shughuli zikiwekwa kwa prosesa moja, ni kama matatu moja kujaa hadi mlangoni huku ya nyuma iko tupu. Kwa hivyo mafundi hugawanya diski. Pia huacha nafasi: prosesa mbili zikiwa zimejaa asilimia 70 kila moja, moja ikizima, iliyobaki haiwezi kubeba 140. Foleni inaanza.

Ndiyo maana meseji inaweza kuchelewa na pesa zimeshafika. Usitume tena haraka. Utalipa mara mbili. Angalia salio na taarifa ya miamala kwanza. Bado huelewi? Tupigie.