Mshono wa Kiti cha Gari Ukifumuka

Mkulima mwenye pikapu ya kupelekea maziwa au viazi hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku. Kila mara hukwaruza ukingo wa nje wa kiti cha dereva, na vumbi lililoingia katika mshono huusaga uzi kidogo kidogo. Basi uzi hukatika na huku ngozi yenyewe bado ni nzima. Ukiuacha hivyo, sponji hutokeza, kingo za ngozi hujikunja, na kazi ya uzi wa shilingi chache hugeuka kuwa ya kununua ngozi mpya.

Lakini kabla ya kushika sindano, tazama ubavu wa kiegemeo. Katika magari mengi ya siku hizi umefichwa humo mfuko wa hewa unaovimba ghafula gari likigongwa. Ukiona pameandikwa AIRBAG, usishone mshono wa upande huo hata kama umefumuka kidogo tu. Mshono huo hutengenezwa kusudi upasuke upesi. Ukiufunga kwa uzi wa nguvu, mfuko waweza kuchelewa kutoka, na mtu akaumia. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeisomea. Mshono wa mahali pa kukalia ndio unaoweza kuushona mwenyewe, ila sindano isizame ndani sana, maana chini ya sponji huenda mna nyaya.

Sasa chunguza matundu ya mshono wa zamani. Kama ni mazima, kazi ni rahisi. Kama ngozi imechanika kutoka tundu hata tundu, uzi peke yake hautashika. Gundisha kwanza kiraka cha turubai au cha ngozi nyembamba upande wa chini, kikauke, ndipo ushone.

Safisha kingo kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini. Usitumie petroli wala mafuta ya taa, kwani huondoa rangi na kuikausha ngozi. Mahali penye baridi, kama Kinangop, ngozi huwa ngumu asubuhi. Liache gari juani kwa muda ili ilainike.

Tafuta uzi wa nailoni kama ule wa mafundi viatu, wenye unene sawa na ule wa zamani. Uzi wa pamba haufai, kwa sababu huoza kwa jasho. Uvute mara mbili tatu juu ya nta ya nyuki. Mpasuko wa inchi 6 wataka uzi wa futi 3. Sindano iwe iliyopinda, na ncha yake uisugue juu ya jiwe mpaka iwe butu, ili ifuate matundu ya zamani na isitoboe mapya. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Tundu katika ngozi halizibiki tena, na matundu yakisongamana ngozi hukatika kwa mstari, kama vile stempu zinavyochanwa.

Toa vipande vya uzi uliokatika. Anza matundu manne nyuma ya mpasuko, pale ambapo mshono bado ni imara, na fundo ulifiche ndani. Ingiza sindano katika tundu la ukingo wa kushoto, itokee tundu linalofuata la ukingo uleule. Vuka hadi tundu linaloelekeana nalo upande wa kulia, uingie hapo, utokee tundu linalofuata la huko. Kisha rudi kushoto. Uzi ukiwa umelegea utaonekana kama ngazi. Baada ya hatua tano au sita, rudisha sponji ndani kwa kidole, kisha vuta uzi polepole mpaka kingo zikutane. Usivute kwa nguvu, hasa kama kiti ni cha ngozi ya bandia, maana hiyo huchanika upesi.

Pitiliza matundu manne mbele ya mpasuko, funga mafundo mawili, na ncha ya uzi uisukume ndani. Wengine hupenda kuichoma kwa kiberiti. Usifanye hivyo garini, kwani sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Ukimaliza, paka dawa ya ngozi kidogo. Mafuta ya kupikia na samli hayafai: huchacha, hunuka, na huvuta vumbi lilelile lililokata uzi wa kwanza.