Adui ni Kutu, si Injini

Datsun 240Z ndilo gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971, likarudia 1973, na hadi leo wapo wanaolitafuta walimiliki. Wakilipata, kwanza hufunua boneti. Hapo wanakosea. Injini ile ya silinda 6 ni ngumu. Kabureta zake 2 zinataka tu fundi mwenye sikio, asikilize mvumo kwa kipande cha mpira na kuzilinganisha zivute hewa sawasawa.

Adui ni kutu. Gari hili halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo hubeba kila kitu, kwa hiyo sakafu ikiliwa, gari zima limelegea. Chungulia chini ya betri, asidi hudondokea pale. Rangi mpya inayong'aa mimi huiogopa kuliko iliyochakaa. Na muuzaji akikukataza kuinua zulia, rudi nyumbani na fedha zako.