Mkuu wa Wilaya Hafuti Hukumu

"Wakili, nimeshindwa kesi ya shamba barazani. Nimpelekee mkuu wa wilaya aifute hukumu?" Swali hili kutoka Kiabakari, mkoani Mara, limenifikia mara nyingi mno. Anayeuliza huja na bahasha ya kaki: ndani mna hukumu yenye muhuri wa baraza la ardhi na barua ndefu kwa mkuu wa wilaya. Barua imeandikwa kwa bidii. Rufaa haijaandikwa hata mstari mmoja.

Jibu ni hapana. Hawezi yeye, hawezi mkuu wa mkoa, wala waziri aliyekuja na msafara na kipaza sauti. Ibara ya 107A ya Katiba imeipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki. "Lakini ni mwakilishi wa Rais," huniambia. Rais mwenyewe, kwa Ibara ya 45, anaweza kumsamehe aliyetiwa hatiani kwa jinai. Shamba lililokwisha kuamuliwa hawezi kuligawa upya. Nguvu asiyokuwa nayo atamkabidhi vipi mwakilishi wake?

Wabishi hukimbilia saa 48. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu mkuu wa wilaya kuamuru mtu akamatwe kwa sababu ya jinai au hatari kwa amani. Ataandika sababu, na kabla ya saa 48 kuisha mtu afikishwe mahakamani au aachiwe. Kumweka ndani jirani yako aliyeshinda kesi, ili alegee na kuacha shamba, ni kuivunja sheria hiyohiyo.

Tena kufuta hukumu kulishajaribiwa, na waliojaribu walikuwa na Bunge mkononi. Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu vijijini miaka ya 1970, iligawa mashamba ya watu kwa wengine. Baadhi ya wenyewe wakafungua kesi. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walishinda ya kwao Arusha. Mwaka 1992 ikatungwa Sheria Namba 22, ikazima kesi za namna hiyo na kuzuia hukumu zake kukaziwa. Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikavibatilisha vifungu hivyo mwaka 1994: haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na mlango wa mahakama haufungwi kwa amri. Sheria ya Bunge ilishindwa, ndugu zangu. Tamko la jukwaani litaweza?

Linaloniumiza zaidi ni hofu anayotiwa hakimu. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 ilimfanya mkuu wa wilaya mwenyekiti wa kamati ya maadili inayopokea malalamiko dhidi ya mahakimu wa mahakama za mwanzo. Anapoikemea hukumu hadharani, hakimu anamsikia vizuri sana. Umati unaoshangilia unasaidia kumtisha.

Na wewe uliyeahidiwa shamba kwa mdomo na mkuu wa wilaya, siku za rufaa zinakupita. Atakayefika baadaye ni dalali wa mahakama.

Basi fanya hivi. Kutoka mahakama ya mwanzo, rufaa huenda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30. Kesi iliyoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nenda Mahakama Kuu Musoma ndani ya siku 45. Umechelewa? Omba kuongezewa muda, ueleze sababu zenye ushahidi. Hakimu alidai rushwa? Nenda TAKUKURU. Huna fedha za wakili? Tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Nakala ya hukumu iombe kwa barua siku ileile inaposomwa, na nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa.