Mwanga, Mvuke na Chumvi: Hesabu ya Tangi la Maji ya Bahari

Katika tangi la maji ya bahari lenye matumbawe, taa ndiyo chanzo cha chakula, na mara nyingi ndiyo chanzo kikubwa cha joto pia. Joto huongeza mvukizo, mvukizo hupandisha kiwango cha chumvi, na chumvi ikipanda viumbe huumia hata kama maji ni maangavu na samaki wanakula kama kawaida. Anayebadilisha taa amebadilisha pia kiasi cha maji ya kujazia kila siku. Mambo haya mara nyingi hufundishwa kila moja peke yake, na hapo ndipo makosa mengi ya wafugaji wapya huanzia.

Matumbawe ya kitropiki hayategemei kinywa pekee. Ndani ya tishu zake huishi mwani wa seli moja, zooksantela, unaotumia mwanga kutengeneza sukari na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Mwanga unaofaa kwa kazi hiyo una urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700. Baharini mwekundu hufyonzwa mapema. Kwenye kina cha mita 10 sehemu yake kubwa imekwisha, na wa bluu ndio unaofika mbali. Ndiyo sababu taa nzuri za matangi huelemea bluu. Nguvu ya mwanga haipimwi kwa wati, kwa kuwa wati huonyesha tu umeme ambao taa inatumia. Kipimo chake ni mikromoli za fotoni kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jua la utosini katika tropiki hutoa kama 2,000 juu ya maji. Tangini, matumbawe laini hutosheka na 50 hadi 150, na yale ya matawi yenye mifupa ya mawe, kama jamii ya Acropora, kwa kawaida huwekwa kwenye 200 hadi 350.

Muda wa kuwaka ni saa 8 hadi 10 za mwanga kamili, na swichi ya saa hufanya kazi hii vizuri kuliko mkono wa mtu. Kuongeza saa hakufidii taa dhaifu: baada ya kiwango fulani matumbawe hayawezi kutumia zaidi, na anayefaidika ni mwani wa kijani unaoota kwenye vioo. Giza la usiku ni la lazima. Taa hafifu ya bluu inayouzwa kwa jina la mwanga wa mbalamwezi humfurahisha zaidi mtazamaji kuliko viumbe. Taa mpya yenye nguvu zaidi huanzishwa kwa nusu ya uwezo wake na kupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa. Mwanga ukizidi, hasa maji yakiwa ya moto, zooksantela hutoa kemikali za oksijeni zenye sumu, nayo matumbawe huutupa nje mwani huo na kubaki meupe. Mwaka 1998 joto la bahari lilisababisha upaukaji wa namna hii katika miamba ya Kenya na Tanzania, na tangi dogo linaweza kufikia hali hiyo kwa alasiri chache.

Karibu umeme wote unaotumiwa na taa na pampu huishia kuwa joto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la takriban megajuli 2.4, na kwa kipimo hicho taa inaweza kuhesabiwa kwa lita. Taa ya LED ya wati 100 ikiwaka saa 10 hutumia megajuli 3.6, joto la kukausha lita 1.5. Taa ya zamani ya halidi ya wati 250 hufikia megajuli 9, yaani karibu lita 3.7. Si joto lote linaloingia majini, maana sehemu huishia kwenye hewa ya chumba, lakini hesabu hii inaonyesha kwa nini aliyehama kutoka halidi kwenda LED hukuta ndoo yake ya kujazia haimaliziki upesi kama zamani.

Hewa nayo ina neno. Mvukizo huenda kasi pale hewa ni kavu na inapita juu ya uso wa maji. Dar es Salaam au Mombasa, hewa ikiwa ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, feni haiwezi kushusha joto la maji chini ya nyuzi 28 hivi hata ikivuma mchana kutwa, kwa kuwa hewa imekaribia kushiba mvuke. Feni hiyohiyo mjini Nairobi, katika mchana mkavu wa Februari, hushusha joto kirahisi na kumaliza maji haraka. Katika nyumba za Ghuba kiyoyozi hukausha hewa mwaka mzima, na Ulaya kaskazini mvukizo hupanda wakati wa baridi, vipasha joto vinapokausha vyumba. Pwani, kwa hiyo, mwenye matumbawe magumu afadhali atumie fedha zake kwa taa yenye joto dogo, au mashine ya kupoza maji, kuliko kuongeza feni ya tatu. Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 27.

Kinachovukiza ni maji peke yake, chumvi hubaki. Ndivyo yanavyofanya kazi mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, ambako bahari huingizwa mabwawani na jua likaachiwa kazi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 200 lina takriban kilo 7. Tangi hilo likipoteza lita 4 kwa siku bila kujaziwa, baada ya wiki zimebaki lita 172 zenye chumvi ileile, na kiwango kimefika karibu gramu 41. Huo ni ukali wa kaskazini mwa Bahari ya Shamu. Matumbawe ya huko yanaishi vizuri kwa sababu yamezoea hali hiyo tangu vizazi vingi. Ya tangini yamepewa siku saba. Samaki wa baharini hujimudu kiasi, kwa kuwa hunywa maji na kutoa chumvi kupitia matamvua. Viti vya pwani na wanyama wengi wasio na uti wa mgongo hawana uwezo huo. Chumvi ya miili yao hufuata ya maji yanayowazunguka, na mabadiliko ya ghafla huwaua kabla samaki hawajaonyesha dalili.

Maji yaliyopotea kwa mvukizo hurudishwa kwa maji matamu. Anayejazia maji ya chumvi kwenye tangi la mfano huu huingiza gramu 140 za chumvi kila siku, na kwa mwezi kilo 4.2, zaidi ya nusu ya chumvi iliyokuwamo mwanzoni. Maji yanayotoka pamoja na chumvi yake ndiyo hurudishwa kwa ya chumvi: yale ya kubadilisha kila wiki au mbili, yaliyomwagwa na kichuja povu, na yaliyomwagika sakafuni.

Ubora wa maji matamu una uzito wa pekee, kwa kuwa chochote kilichomo isipokuwa maji yenyewe hubaki na kulimbikizana. Maji ya bomba huweza kuwa na klorini, fosfeti, naitreti, silika na hata shaba kutoka mabombani, na shaba kidogo tu ni sumu kwa kamba na konokono. Visima vingi vya pwani vimeingiliwa na maji ya bahari, kwa hiyo maji yake si matamu kweli. Yanayofaa ni yaliyopitishwa kwenye mtambo wa osmosisi rejea na kumaliziwa kwa resini ya kuondoa ioni. Maji ya mvua ya mabati ya mjini hubeba vumbi na metali, na ya chupa yenye madini hayana faida yoyote hapa.

Kujazia kidogo mara nyingi ni bora kuliko kumwaga ndoo nzima Jumamosi. Katika tangi lenye tangi la chini, ambamo maji hushukia na kurudishwa juu kwa pampu, usawa wa juu haubadiliki. Upungufu wote huonekana kwenye chumba cha pampu ya kurudishia, na pampu huweza kukauka na kuungua. Mstari wa alama huchorwa hapo, na husomwa pampu ikiwa inafanya kazi. Umeme ukikatika maji ya juu hushuka na tangi la juu huonekana limepungua. Asiyejua huleta ndoo, na umeme ukirudi tangi zima limekuwa na chumvi pungufu.

Swichi ya boya au kihisi cha mwanga huweza kuendesha pampu ndogo kutoka chombo cha akiba. Kifaa hiki ni msaada mkubwa, lakini boya hukwamishwa na konokono au ganda la chumvi, na bomba lililoishia chini ya usawa wa maji ya akiba huendelea kunyonya hata pampu ikiwa imezimwa. Kinga rahisi ni udogo wa chombo. Lita 10 zote zikiingia kwenye tangi la lita 200, chumvi hushuka kutoka 35 hadi 33.3, lita 50 zingeishusha hadi 28.

Wafugaji wengi huchanganya maji ya kujazia na chokaa ili kurudisha kalisi ambayo matumbawe hujengea mifupa. Lita moja huyeyusha kama gramu 1.6 tu, na pH yake ni karibu 12.4, hivyo hudondoshwa polepole, hasa usiku, taa zikiwa zimezimwa na pH ya tangi ikiwa imeshuka. Chokaa ya kujengea haitumiki kwa sababu ya uchafu wake. Mvukizo ndio unaoweka kikomo cha njia hii: tangi linalopoteza lita mbili kwa siku haliwezi kupokea zaidi ya gramu 3 hivi za chokaa, na kulifunika kwa kioo hupunguza kiasi hicho zaidi, huku kukizuia hewa na kuhifadhi joto. Kifuniko cha wavu hakina hasara hizo.

Kiwango cha chumvi hupimwa kila wiki kwa refraktomita iliyosahihishwa kwa kimiminika cha gramu 35, si kwa maji matamu peke yake. Kikiwa kimeshuka hadi 31, dawa ni kuacha maji matamu na kujazia ya chumvi mahali pa mvukizo. Lita 4 kwa siku hupandisha tangi la lita 200 kwa gramu 0.7, na siku sita hivi zinatosha kurudi 35. Chumvi kavu haimwagwi tangini. Huyeyushwa kwanza kwenye ndoo, maana punje ikitua juu ya tumbawe huichoma tishu yake.