Hatua 70 kwa 70 siyo ekari kila mara

Msimu wa kukodi mashamba ukianza hapa Msamala, wengi tunapima kwa mtindo uleule: hatua 70 upande huu, 70 upande ule, basi, ekari imepatikana, hela inatoka. Lakini je, kona umezikagua?

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Hatua 70 ndefu, za sentimita 91 hivi, ni kama mita 64. 64 mara 64 ni 4,096. Kwa hiyo kipimo cha wazee kiko sawa, ila kwa shamba la mraba tu, lenye pembe mraba kwenye kona zote nne.

Jaribu hivi: funga vijiti vinne vya urefu sawa viwe mraba, halafu sukuma kona moja. Umbo linalala. Pande ni zilezile, ila nafasi ya ndani imepungua. Shamba lililolala nalo ni hivyohivyo.

Dawa yake ni kamba. Ivute kutoka kona moja hadi kona inayotazamana nayo; huo ndio ulalo, na shamba limekuwa pembetatu mbili. Kutoka kila kona iliyobaki, pima umbali mfupi kabisa hadi kwenye kamba. Hicho ni kimo. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo.

Mfano: shamba lina mita 64 kila upande, ulalo mrefu ni mita 115, vimo ni mita 28 kila kimoja. Nusu ya 115 mara 28 ni 1,610. Mara mbili ni 3,220. Hiyo ni kama ekari 0.8, siyo moja!

Umelipia ekari nzima. Kama kipimo chako ni mfuko wa kilo 50 za mbolea kwa ekari, hapo zilitosha kilo 40. Na ukivuna gunia 16 utalaumu mbegu, kumbe umepata gunia 20 kwa ekari.

Shamba lina kona tano? Ligawe pembetatu tatu. Kona sita, pembetatu nne. Jumlisha.

Kama huna muda, tembea ulalo zote mbili. Kwenye mraba wa hatua 70, kila ulalo ni kama hatua 99. Zikitofautiana sana, usitoe hela kwanza. Pimeni upya, wewe na mwenye shamba, mkiwa pamoja.